Mchoro wa mlango ukitaka kuwa filta

Swali: "Assalam aleikum. Mimi ni mchoraji wa Kisauni, na pia napaka hina maharusi. Nachora kwa akriliki juu ya kanvasi, hasa milango ya Mji wa Kale na mapambo ya kanga. Nataka watu wavae michoro yangu mitandaoni kama filta, yale mapambo ambayo kamera ya simu humvika mtu usoni. Nilitazama video inayofundisha Spark AR, lakini nimeitafuta programu yenyewe siioni. Nianzie wapi? Nitalipwa? Na mchoro wa mlango niliomuuzia mteja wa Nyali, naruhusiwa kuutumia?"

Waalaikum salaam, dadangu. Simu yako haina kasoro, wala hukukosea kutafuta. Spark AR, iliyokuwa programu ya kutengenezea filta, haipo tena. Agosti 2024 wenyewe Meta, kampuni ya Facebook na Instagram, walitangaza kwamba wanaifunga, na ilipofika tarehe 14 Januari 2025 filta zote zilizotengenezwa na watu wa nje ziliondolewa Instagram, Facebook na Messenger. Zilizobaki ni zile za Meta wenyewe. Video uliyoitazama ni ya zamani, na mtandaoni bado zimejaa za aina hiyo.

Nakuanzia hapo kwa makusudi. Mradi uliojengwa ndani ya Spark haufunguki katika programu nyingine, kwa hiyo msanii ambaye kazi yake yote ilikuwa humo alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa ameweka kando picha safi za michoro yake, zilizokatwa vipande vipande, alizibeba akahamia kwengine na kuanza upya kwa siku mbili tatu. Filta ni mgeni, huja na kuondoka pamoja na kampuni iliyoikaribisha. Chako wewe ni ile picha safi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye picha na kupita haraka kwenye programu.

Programu za kutumia sasa ni mbili. Snapchat wana Lens Studio, iliyotolewa kwa umma Desemba 2017, na TikTok wana Effect House, iliyofunguliwa kwa kila mtu Aprili 2022. Zote ni za bure, na kwa kazi kama yako zote zinataka kompyuta, iwe ya Windows au Mac. Lens Studio ina uwezo mkubwa zaidi, hilo silifichi, lakini kwa mchoraji wa Mombasa ningeanza na Effect House kwa sababu wateja wako wanashinda TikTok. Kama huna laptopu usiende kukopa pesa ya kununua. Kazi ya kupiga picha, kusafisha na kukata unaweza kuimaliza kwa simu, kisha ukaazima kompyuta kwa siku za kuunganisha tu. Pale Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, hukutana vijana wa sanaa na wa teknolojia. Ukienda na picha zilizo tayari utapata mtu wa kukaa naye. Ukienda na wazo tupu utapewa soda na ahadi.

Sasa picha. Mchoro wako ukiupiga saa saba mchana kwenye ua, jua letu la utosini litaonyesha kila mkwaruzo wa brashi kama tuta la barabarani, na akriliki itang'aa madoa meupe. Usiku chini ya taa ya chumbani nayo, nyeupe yote itageuka manjano. Piga saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, barazani, mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua halifiki. Angalia ukuta wa mbele yako pia. Ukuta uliopakwa kijani huutia mchoro ukijani, ila chokaa nyeupe haina neno. Weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya kanvasi kiingie kwenye picha, ili wakati wa kusahihisha rangi uwe na kitu unachojua ni cheupe. Flashi izime. Na kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana hewa ya bahari hukiwekea ukungu wa chumvi ambao hatuuoni mpaka picha zote zionekane kama zimepigwa alfajiri.

Kanvasi isimame wima, na kamera iwe sawa na kitovu cha mchoro, isiinamie wala kuutazama kwa chini. Washa ile gridi ya kamera uhakikishe kingo za kanvasi zinakwenda sambamba na mistari. Usisogee karibu sana, kwa sababu lenzi pana ya simu huvimbisha katikati na kukunja pembe, na mlango ukipinda kila mtu anaona. Rudi nyuma hatua mbili, tatu, na kama simu yako ina lenzi ya kuvuta, tumia hiyo. Simu iegemeze juu ya kitu na uweke taima ya sekunde tatu, mkono usiitikise. Michoro midogo ya karatasi usiipige picha kabisa. Ipeleke saiba yenye skana ya kulaza na uombe 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 kwa kiwango hicho inakupa pikseli 2480 kwa 3508, nyingi kuliko filta yoyote itakavyohitaji.

Kisha kuna kosa ambalo nimeliona kwa nusu ya wasanii wanaoniletea kazi. Picha imepigwa vizuri, halafu ikatumwa kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp huikamua ili iwe nyepesi, na ile nakshi nyembamba uliyoichora kwa brashi namba sifuri inageuka uji. Itume kama dokyumenti, au uihamishe kwa waya.

Sasa tuje kwenye kuchagua, na hapa ndipo filta nyingi za michoro hufia. Miaka michache iliyopita hoteli moja ya ufukweni ilinipa picha ya mlango wake wa kuchonga ikataka wageni wauvae usoni. Nami kwa ujana nikafanya nilivyoambiwa, nikautandaza mlango mzima juu ya uso. Mfaa, ule mti wa katikati, ukakaa juu ya pua, ubao mmoja kila shavu, na mgeni akicheka, njumu za shaba zikatawanyika juu ya meno. Tulicheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna aliyeitumia, kwa sababu mtu anapofungua kamera ya mbele anataka kujiona yeye, tena ajione amependeza. Mchoro unaomfuta uso hawezi kuurudia.

Kwa mlango wako, mtu awe ndani yake. Kata miimo ya pembeni na ule ubao wa juu wenye nakshi, katikati pabaki wazi, hiyo iwe fremu inayozunguka kichwa na mabega. Halafu zikate zile mbao mbili kila moja peke yake. Mfaa ubaki umeshikana na ubao wake mmoja, kama ulivyo mlango wa kweli. Filta ikifunguliwa mlango umefungwa, mtu haonekani. Akifungua mdomo, mbao zinafunguka na uso unatokea. Programu zote mbili zinatambua mdomo kufunguka bila wewe kuandika msimbo wowote, unaunganisha tukio na kitendo tu. Hebu fikiria wangapi watasimama hapo wakipiga hodi.

Ukikata utagundua kwamba kuna sehemu hukuzichora. Penye ubao kulala juu ya mwimo, mwimo wa chini yake haupo kwenye kanvasi, na mlango ukifunguka patabaki pengo. Hapo itabidi uchore tena, kwa rangi kwenye karatasi kisha uskani, au moja kwa moja kwenye simu. Mimi napendelea karatasi, mkono uwe ule ule. Kukata kwenyewe unaweza kutumia Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari bila malipo, au GIMP kwenye kompyuta. Hifadhi kila kipande kama PNG, kwa sababu JPG haijui uwazi na itakujazia weupe pale unapotaka pawe wazi. Pikseli 1024 kwa upande zinatosha vipande vingi. Snapchat wanataka filta nzima isizidi megabaiti 8, na TikTok nao wana kikomo chao. Hata wasingeweka kikomo, mtu mwenye simu ya bei nafuu na bando la kubana hangojei filta nzito ifunguke.

Kanga ni rahisi zaidi, na kwa kweli ningependa uanze nayo kabla ya mlango. Haihitaji kufuata uso. Pindo lizunguke kingo za skrini, mji, yaani sehemu ya katikati, uwe wazi ili mtu aonekane, na jina, ule msemo wake, liwe pale. Tengeneza picha ya pikseli 1080 kwa 1920. Ila kuna jambo moja. Kwenye kanga jina hukaa chini ya mji, lakini kwenye TikTok chini ni pa maelezo ya video na kulia kumejaa vitufe. Utalazimika kulipandisha jina, hata kama nyanya yako atakuuliza ni kanga ya wapi hiyo. Rekodi video ya majaribio na uitazame baada ya kuihifadhi, maandishi yasije yakageuka kinyume. Na jina litunge wewe, mapambo yachore wewe. Kanga ya dukani Barabara ya Biashara ina mwenye usanifu wake, kuinunua si kuununua usanifu.

Umetaja hina, na ingawa hukuniuliza juu yake, nadhani ndiyo itakayokutoa. Huko nina somo nililolipata kwa aibu. Nilitengeneza filta ya maua ya hina kwenye paji la uso na mashavu, nikaijaribu kwa uso wangu na wa mfano uliokuja na programu, ikapendeza. Nikampa jirani yangu, mweusi tii, akaniambia, "Mbona sioni kitu?" Kweli hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimechagua ule mpangilio wa kuchanganya rangi ulioandikwa Multiply kwenye menyu, ambao huizidisha rangi ya mchoro kwa rangi ya ngozi. Matokeo yake daima ni meusi zaidi, hayawi meupe kamwe. Juu ya ngozi nyeupe hudhurungi inaonekana kana kwamba imepakwa kweli. Juu ya ngozi nyeusi inazama yote.

Wewe unalijua hili kuliko mimi. Unajua kwa nini hina hukolea kiganjani na kufifia juu ya mkono, na kwa nini bibi harusi mwingine unampaka piko, ile rangi nyeusi. Kwenye filta una uhuru ambao hina halisi haikupi. Tumia mchanganyiko wa kawaida badala ya ule wa kuzidisha, kisha toa matoleo mawili, moja la hudhurungi iliyoiva na jingine la dhahabu au nyeupe ya maziwa, mtu abadilishe kwa kugusa skrini. Au chora ukingo mwembamba wa rangi angavu kuzunguka kila ua. Kuweka hina kwenye viganja pia kunawezekana, maana programu zote mbili zinatambua mikono, lakini mkono hujikunja na kujificha nyuma ya mwingine kuliko uso. Liache kwa filta ya tatu.

Majaribio usiyafanye peke yako chumbani. Kusanya shangazi mwenye miwani, binamu mwenye ndevu, mtoto, mwenye ushungi, mwenye kofia. Filta inayopaka rangi nywele haina maana kwa aliyevaa ushungi, na aliyevaa nikabu mara nyingi uso wake hautambuliwi kabisa, kwa vile programu inatafuta pua na mdomo. Kwa mlango wako hiyo ina maana kwamba kufunguka kusitegemee mdomo peke yake. Weka pia njia ya kugusa skrini. Na waende nje juani, kisha ndani ya tuktuk usiku. Kama inatetemeka usoni kwenye simu kuukuu, punguza uzito wake.

Kuna njia ya pili ambayo wachoraji huisahau. Filta ya uso ni kwa walio mbali, lakini mchoro ukining'inia ukutani unaweza kumfanya mtazamaji auelekezee simu na mlango ukafunguka hapo hapo ukutani, kukatokea kichochoro na paka wa Mji wa Kale akipita. Lens Studio inaweza, na ipo MindAR, maktaba ya msimbo ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, mtazamaji akiskani msimbo wa QR bila kupakua kitu. Hiyo ya pili itahitaji mtu ajuaye kuandika tovuti.

Simu haioni mlango. Inatafuta pembe na ncha, mahali ambapo giza na mwanga vinakutana ghafla, inakariri zimepangana vipi, kisha inazitafuta tena kwenye picha inayotoka kwenye kamera. Kwa hiyo mchoro wa bahari na mbingu tulivu, hata uwe mzuri vipi, hauipi pa kushika. Na kanga yenye vidoti au korosho zinazojirudia huichanganya, kwani kila korosho ni pacha wa mwenzake. Ajabu ni kwamba sehemu ya kanga inayoifaa zaidi ni jina, herufi zina pembe nyingi na hazijirudii. Mlango nao una tatizo la ulinganifu, kushoto sawa na kulia. Usiubadilishe kwa ajili ya simu, ongeza kitu kimoja upande mmoja, kama kata ya maji, viatu, au sahihi yako kubwa kidogo. Picha iliyo nyuma ya kioo chenye kuakisi dirisha itakuhangaisha pia. Maonyesho ya hivyo, omba ukuta usiotazama dirisha.

Malipo. Zipo programu za kampuni za kuwalipa watengenezaji, lakini mpango wa TikTok ulipoanza 2023 ulitaka filta moja itumike kwenye video laki tano ndani ya siku 90 ndipo ulipwe dola 700, na ulikuwa wa nchi zilizoorodheshwa tu. Baadaye wakakishusha kizingiti. Soma masharti ya sasa na orodha ya nchi kabla hujaanza kuhesabu. Mimi pesa niliyoiona imetoka kwa watu wenye shughuli, kama vile harusi, uzinduzi wa duka, mkahawa unaotaka wateja wapige picha. Bi harusi ambaye tayari unampaka hina ni mteja wa filta yake, na hayupo mwingine Mombasa anayeweza kumuuzia vyote viwili kwa mkono mmoja. Mtoze kazi ya kuchora na kazi ya kutengeneza, kila moja kwa jina lake. Mwandikie kwamba mafaili ya awali yanabaki kwako, na kwamba filta itaishi maadamu kampuni inaikubali. Usimwahidi milele.

Sasa mteja wa Nyali. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuuza kanvasi si kuuza hakimiliki. Hakimiliki inahamishwa kwa maandishi, na hukuhitaji kuisajili ili uwe nayo, ingawa usajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, husaidia siku ya ugomvi. Inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kama mlango huo uliuchora kwa hiari yako, naye akaupenda akaununua, utumie.

Lakini jiulize, aliuagiza? Alikwambia, "Nichoree mlango wa nyumbani kwetu, nitakulipa kiasi kadhaa"? Hapo mambo hugeuka. Sheria hiyo hiyo inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wachoraji wengi hawalijui hili, na hulijua wakishachelewa. Kama ni wa kuagizwa, mpigie mteja simu umwombe idhini. Wengi hufurahi mlango wa kwao ukitembea, lakini ipate kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaosomeka vizuri ni bora kuliko neno la mdomo. Na kuanzia sasa kila oda ya kuagizwa iandikie mstari mmoja kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji.

Kwa hali yoyote utahitaji picha ya mchoro huo, na uko kwa mteja. Ukienda kumwomba idhini, nenda na simu iliyochaji, kipande cha karatasi nyeupe na kitambaa cha kufutia kamera, na umwombe autoe barazani saa kumi. Ukishaipiga nitumie niione, lakini kama dokyumenti.